Buti Jipya la Ngozi: Kulizoesha, Kulitunza na Kuitetea Haki Yako



Mada yetu ni buti la ngozi, ambalo fundi wa umeme, mlinzi, dereva wa bodaboda na mkulima hulihitaji kwa kazi, wala si kwa urembo. Jozi iliyo bora huweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa mwezi. Ikitunzwa, hudumu miaka. Ikipuuzwa, hupasuka kabla masika hayajaisha. Na inapopasuka, muuzaji na mnunuzi hubishania jambo moja: kosa ni la kiwanda au la mvaaji? Kwa sababu hiyo tunauhesabu utunzaji wa buti kuwa sehemu ya haki ya mtumiaji, na si suala la usafi peke yake.

Tuanze dukani. Ikunjeni ngozi kidogo kwa kidole: ngozi halisi hufanya mikunjo midogo isiyolingana, na vitundu vya vinyweleo vyake havijapangika sawasawa. Ngozi bandia hurudia mchoro uleule kila mahali. Tazameni pia ukingo uliokatwa. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana. Bandia huonyesha kitambaa kilichofunikwa utando wa plastiki. Mabuti yaliyotengenezwa kwa soko la Umoja wa Ulaya, yakiwemo ya mitumba, huwa na alama zinazotokana na kanuni ya mwaka 1994. Picha ya ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Picha hiyo ikiwa na umbo la uru ndani, kama uru wa karata, ni ngozi iliyopakwa utando. Uru peke yake ni malighafi nyingine. Someni alama ya kila sehemu, kwa maana sehemu ya juu yaweza kuwa ngozi na bitana isiwe.

Jaribuni mabuti alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku, tena mkiwa na soksi zilezile za kazini. Vidole visigonge mbele. Kisigino kikipanda kidogo mnapotembea, msishtuke. Hali hiyo hupungua soli inapoanza kukunjika. Ila buti lililo fupi msilinunue kwa matumaini. Ngozi hutanuka kwa upana. Kwa urefu haiongezeki kiasi cha kumfaa mvaaji.

Sasa tuje kwenye kulizoesha. Siku za mwanzo livaeni nyumbani, juu ya mkeka au zulia, saa moja au mbili tu kwa siku, kisha ongezeni muda taratibu kwa wiki mbili hivi. Faida ni mbili. Ngozi hupata nafasi ya kufuata umbo la mguu bila kuuchubua. Na soli ikibaki safi, ni rahisi kuzungumza na muuzaji iwapo kipimo hakikufaa. Mahali panapowasha moto pafunikeni kwa plasta kabla lengelenge halijatokea. Msililoweshe buti majini wala kulipasha motoni ili lilainike haraka, kwani njia hizo huondoa mafuta ya ngozi na kuiacha ikauke na kukakamaa.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu wenye kisukari. Ugonjwa huo huweza kupunguza hisia za miguuni, hata mtu asitambue kwamba amechubuka, na kidonda kidogo kikawa kikubwa. Kila mvuapo buti jipya, ikagueni miguu yote miwili hadi katikati ya vidole. Mkiona jeraha, acheni kulivaa buti hilo na mwende kituo cha afya.

Kuhusu utunzaji, ikumbukeni asili ya ngozi. Imehifadhiwa kwa kudabaghiwa, ama kwa chumvi za kromi, ama kwa maji ya magome ya miti, kama miwati inayopandwa Njombe. Kudabaghi huizuia isioze, lakini hakuizuii isikauke. Kwa hiyo pigeni brashi kila jioni, maana vumbi likiingia kwenye mikunjo huisaga ngozi kama msasa. Kila baada ya wiki chache, au mwonapo ngozi imefifia, futeni kwa kitambaa chenye unyevu, acheni ikauke, pakeni mafuta ya ngozi kidogo, halafu dawa ya viatu, kisha mng'arishe kwa brashi. Mafuta ya kupikia hayafai: huchacha na kuvuta uchafu. Ngozi yenye manyoya laini haipakwi dawa ya kawaida. Hutosha kuipiga brashi kavu.

Buti likilowa, toeni kamba, vuteni ulimi mbele, jazeni karatasi za magazeti na mzibadilishe zikishalowa. Kausheni kivulini penye upepo. Kuliweka kando ya jiko au kwenye jua la mchana ndiyo njia ya haraka ya kuliua. Wakazi wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja wasilifungie kwenye mfuko wa plastiki, kwani joto la pwani na unyevu hulea ukungu. Mwenye jozi mbili azivae kwa zamu, ili jasho la jana lipate siku ya kukauka.

Ndugu watumiaji, mkiyatenda hayo na bado soli ikabanduka au mshono ukafumuka mapema, mna hoja. Risiti ionyeshe tarehe na aina ya bidhaa. Pigeni picha ya kasoro mara inapotokea, na msimpelekee fundi viatu kabla muuzaji hajaiona, kwa sababu buti lililokwisha kufunguliwa ni gumu kulithibitisha. Mwelezeni muuzaji kwa maandishi mnataka nini: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha. Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji kuhusu bidhaa. Anayeuza bandia kwa jina la ngozi hawezi kujitetea kwamba mnunuzi aliliona buti kabla ya kulipa.

Nasi tunakiri upande wa pili. Ngozi iliyopasuka kwa kukaushwa jikoni si kasoro ya kiwanda, na hatuwezi kumlazimisha muuzaji ailipe. Mtumiaji anayelitunza buti lake anailinda fedha yake leo, na kesho anaitunza hoja yake.