Lisemwalo Lipo?



Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Dominika hii tuipime methali hiyo kwa Amri ya Nane, inayotukataza kumsingizia mwenzetu.

Mwezi Aprili 2007, serikali ya Estonia iliiondoa sanamu ya askari wa Kisovieti katikati ya mji mkuu, Tallinn, ikaipeleka kwenye makaburi ya wanajeshi. Kwa Waestonia wengi sanamu ile ilikuwa alama ya kutawaliwa. Kwa wakazi wengi wenye asili ya Kirusi ilikuwa kumbukumbu ya wafu wao walioushinda Unazi. Zikavuma habari za uongo kwamba sanamu inavunjwa. Ghasia zikazuka, na mtu mmoja akauawa.

Kisha, kwa majuma kadhaa, tovuti za serikali, benki na magazeti ya Estonia zikafurikishwa kwa maombi ya bandia kupitia intaneti, hata nyingine zikashindwa kufanya kazi. Viongozi wa Estonia waliilaumu serikali ya Urusi, nayo ikakana. Magazeti ya ng'ambo yakatangaza vita vya aina mpya. Lakini Septemba mwaka uleule, waziri wa ulinzi wa Estonia alikiri kwamba hawezi kusema kwa hakika kuwa serikali ile ndiyo iliyoyaongoza mashambulizi. Mwaka 2008 mahakama ilimtoza faini kijana mmoja, mwanafunzi, mkazi wa Estonia yenyewe.

Tuzingatie jambo hili: kompyuta nyingi zilizotumika zilikuwa za watu wa nchi mbalimbali, wasiojua kwamba vyombo vyao vimetekwa. Mwenye nyumba amelala, na kompyuta yake inarusha mawe ugenini.

Je, ndimi zetu zina usalama zaidi? Tunapopokea habari kwamba taifa fulani limelishambulia jingine, tukaipeleka jumuiyani kabla ya kuuliza nani ameisema, amejuaje, na anafaidika na nini, tunakuwa chombo mikononi mwa mtu tusiyemjua. Nasi hatuna udhuru wa usingizi. Neno la katekista huaminiwa kwa sababu ni la katekista. Hivyo uongo wake huenda mbali zaidi.

Kungoja uthibitisho si woga, wala si kumtetea mkosaji. Ni kumtendea haki hata yule tusiyempenda.

Mungu atujalie masikio yenye subira na vinywa vyenye kiasi. Amina.