Kikomo cha Uvunaji Kitaje Jina la Mti



Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba suala la kikomo cha uvunaji lilikwisha mwaka 2015, ilipotoka ripoti ya NAFORMA, tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu. Misitu ya Tanzania Bara, ilieleza, inamudu kutoa meta za ujazo milioni 42.8 kwa mwaka, nasi tunatumia milioni 62.3. Kwa hiyo, wanasema, kilichobaki ni kugawa: kila mkoa upewe fungu lake kulingana na ujazo wa miti iliyosimama. Ninachokipinga ni ugawaji huu.

Ujazo hauchagui. Tawi la myombo linaloingia kwenye tanuri la mkaa na gogo la mninga linalokwenda kwa seremala huhesabiwa pamoja. Mnunuzi wa mbao, yeye, anachagua. Wilaya yaweza kuvuna nusu tu ya fungu lake, ikapongezwa kikaoni, na mwaka huohuo ikaangusha mninga wake wa mwisho wenye unene wa kupasuliwa.

Sijaona andiko linalolithibitisha hili vizuri kuliko utafiti wa Antje Ahrends na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010. Walilinganisha misitu inayoizunguka Dar es Salaam kati ya mwaka 1991 na 2005, wakakuta uharibifu unatoka jijini kwa mawimbi: mbao za thamani kubwa hutangulia kwisha, hufuata za thamani ya kati, mkaa ukaja nyuma. Kasi ya wimbi la mbao za thamani kubwa ilifika kilomita 9 kwa mwaka. Uzito wa kazi ile uko kwenye huo mfuatano. Anayejumlisha ujazo peke yake hataliona wimbi la kwanza, maana msitu uliokwisha mininga bado ni wa kijani na bado una ujazo.

Hujibiwa kwamba mti utaota tena. Tukiwa katika msitu wa Kitulangalo, mwanafunzi wangu alichimbua mche wa mninga, kijiti cha kuvunjika kwa vidole viwili. Chini yake mzizi ulikuwa mnene kama kidole gumba. Kila kiangazi shina hufa, mzizi hubaki ukinenepa, miaka kadhaa, mpaka upate nguvu ya kusukuma shina litakaloushinda moto. Miyombo ikue ipendavyo mahali pengine, haiwezi kuulipia mninga uliokatwa hapa.

Nakubali kwamba kuhesabu miti kwa spishi ni gharama, na maafisa misitu ni wachache. Takwimu za taifa nazo tunazihitaji katika kupanga nishati. Lakini vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009 kwa misitu yao yenye mpingo. Kijiji kikiweza kuhesabu hivyo, mkoa hauna udhuru. Leseni itaje spishi, kipenyo na msitu. Na spishi ambayo haijahesabiwa katika msitu husika, kikomo chake kiwe sifuri.