Mgonjwa wa Mishipa ya Fahamu Anaporukwa na Akili



Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali ambaye kwa miaka mingi amepitisha mezani mafaili ya watumishi, na humo ndimo nilimokutana na ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi.

Jean-Martin Charcot aliueleza mjini Paris mwaka 1868. Kinga ya mwili huishambulia ala ya mafuta inayofunika mishipa ya fahamu ya ubongo na uti wa mgongo, mfano wa waya wa umeme uliochubuka. Mgonjwa huona ukungu, hufa ganzi, huyumba kama mlevi. Huku karibu na ikweta ni nadra, lakini upo.

Lisilosemwa sana ni kwamba baadhi yao hurukwa na akili: husikia sauti zisizokuwapo, au huamini kwamba wanawindwa. Uchunguzi uliofanywa Alberta, Kanada, na kutolewa mwaka 2005, uliwakuta ni wachache, ila ni wengi kuliko miongoni mwa watu wasio na ugonjwa huo. Makovu ya ubongo yanaweza kuleta hali hiyo. Na dawa pia! Steroidi, ambazo mgonjwa hupewa kwa wingi ugonjwa unapolipuka, zinaweza kuvuruga akili. Uchunguzi wa Boston wa mwaka 1972 ulionyesha kuwa kipimo kilipozidi miligramu 80 za predinisoni kwa siku, wagonjwa 18 hivi katika 100 walipatwa na matatizo ya akili. Kilipokuwa 40 au chini yake, hawakufika wawili.

Mtumishi mmoja aliandikiwa barua ya kujieleza kwa kuwatuhumu wenzake kwamba wanafungua barua zake. Faili lilikuwa limenona: utoro, utovu wa nidhamu, fununu ya ulevi. Cheti cha hospitali chenye kutaja steroidi za wiki ile ile kilikuwa chini kabisa. Mkubwa wake alikwisha kupendekeza afukuzwe. Mkewe ndiye aliyeleta tarehe zote, kaziandika kwenye daftari la mtoto. Daktari akazisoma, akabadili matibabu. Baada ya wiki kadhaa mtu yule alirudi kazini.

Basi ninyi mlio wakubwa wa ofisi, kabla ya barua ya pili ulizeni: anatumia dawa gani, tangu lini? Na jamaa wasizikatize steroidi wenyewe, maana kuziacha ghafla kunaweza kudhuru. Wampeleke hospitali siku ile ile, wala asiachwe peke yake.

Madaktari wetu wameketi meza ya mbele. Maswali magumu wapelekeeni wao.