Samaki Huhesabiwa, Mwamba Hauhesabiwi



Mwezi Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi zenye uchumi wa kati wa chini. Ilikuwa habari njema. Hata hivyo, mkazi wa pwani ya Tanga ana haki ya kuuliza kipimo kilichotumika kinaona nini na kinafumbia macho nini.

Pato la Taifa ni jumla ya thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa nchini kwa kipindi fulani. Simon Kuznets, mchumi aliyeiandalia Marekani hesabu za namna hiyo mwaka 1934, yeye mwenyewe alilitahadharisha bunge la nchi hiyo kwamba hali njema ya watu haiwezi kukadiriwa kwa pato peke yake. Tahadhari hiyo ilisahaulika upesi kuliko hesabu yenyewe.

Tazameni uvuvi wa baruti, ulioitesa pwani hii kwa miongo mingi ingawa sheria inaukataza. Samaki aliyeuawa kwa baruti akifika sokoni, bei yake haina tofauti na ya samaki wa mshipi au wa dema, na yote huitwa mapato. Mwamba wa matumbawe uliosambaratika chini, ambao ndio kitalu cha changu na tasi, hauandikwi popote. Kisha mvuvi hulazimika kwenda mbali zaidi, anunue mafuta mengi zaidi, na biashara ya mafuta hayo nayo huhesabiwa kuwa ukuaji. Hasara imegeuka faida kwenye karatasi.

Dunia imejaribu kuirekebisha kasoro hiyo. Mwaka 1990 Umoja wa Mataifa ulianza kutoa kipimo kinachojumuisha elimu na umri wa kuishi pamoja na kipato. Mwaka 2015 yakaja Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, la 14 likihusu bahari. Na mwaka 2021 ukapitishwa utaratibu wa kuhesabu misitu, mikoko na miamba kama mali inayoweza kuongezeka au kupungua.

Kwa Tanga jambo hili si la vitabuni. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za kale, imo katika pwani hii hii ambako bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia, pale Chongoleani. Ajira na ushuru vitahesabiwa bila kukumbushwa. Bahari haina karani.

Karani huyo anaweza kupatikana mwaloni. Daftari likiandika kilo na shilingi tu, mwaka wa mavuno makubwa na mwaka wa kuimaliza bahari hufanana. Likiongezewa safu tatu, yaani idadi ya vyombo vilivyotoka, saa vilizokaa baharini na urefu wa samaki, picha hubadilika: kilo zilezile zikiletwa na vyombo mara mbili, bahari imepungua, hata kama ushuru umepanda.

Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Safu hizo zinaweza kusomwa hapo, mbele ya wote, kabla ya kusomwa jumla ya ushuru.