Viwanja Vidogo vya Uingereza na Nyumba ya Ngamiani
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, London)



  Katibu aliniandikia nizungumze juu ya Jumamosi zangu, kwa kuwa habari imekwisha kuenea katika ukoo mzima, mpaka kwa shangazi yetu wa Muscat, kwamba tangu nilipostaafu sipatikani nyumbani siku hiyo kuanzia saa saba mchana hadi magharibi. Wapo waliosema nimeoa mke wa pili. Mke wangu, ambaye yumo humu ukumbini, anajua kwamba nilipo ni penye upepo mkali, chai ya vikombe vya karatasi, na watu mia tatu wanaomkemea mshika kibendera.

Ninakwenda kutazama mpira wa klabu ndogo. Kwa wale wasiofuatilia mambo haya, Uingereza klabu 92 tu ndizo zilizomo katika madaraja manne ya juu, na hizo ndizo mnazoziona kwenye televisheni. Chini yake zimo klabu nyingi mno, zimepangwa ngazi juu ya ngazi: kwanza National League, kisha migawanyo yake miwili ya Kaskazini na Kusini, kisha ligi za kanda kama ile ya Isthmian iliyoanzishwa mwaka 1905, na kuteremka hadi ligi za wilaya ambako wachezaji wenyewe huzikunja nyavu mchezo ukiisha. Zamani wengi katika hao walikuwa wachezaji wa ridhaa, wasiolipwa, nao walikuwa na kombe lao la nchi nzima lililochezwa hadi mwaka 1974, mwaka ambao Chama cha Soka kilifuta tofauti baina ya ridhaa na malipo. Siku hizi wengi hulipwa kidogo. Jumatatu asubuhi fundi bomba anarudi kwenye mabomba yake.

Mimi nilifika nchi hii mwaka 1988. Wazee wa Tanga watakumbuka kuwa huo ndio mwaka Coastal Union ilipokuwa bingwa wa Tanzania, nami niliondoka na fahari hiyo moyoni. Majira ya baridi yangu ya kwanza, Januari 1989, klabu ya Sutton United ya kusini mwa London, ambayo haikuwamo katika zile 92, iliitoa Coventry City katika Kombe la FA kwa mabao 2-1. Coventry ilikuwa timu ya daraja la kwanza, na kombe hilo hilo ililitwaa mwaka 1987. Bao la ushindi lilifungwa na fundi mwashi, na kocha wao aliwahi kuwa mwalimu wa Kiingereza. Raundi iliyofuata Norwich iliwafunga 8-0, jambo ambalo watu wa Sutton hawapendi kulitaja. Ofisini kwetu hakukuwa na mazungumzo mengine wiki nzima, na kwa mara ya kwanza wenzangu walinigeukia na kuniuliza kuhusu mpira wa kwetu. Ndipo nilipoanza kwenda kuvitazama viwanja hivi, kimoja kimoja, na kuviandika katika daftari kwa desturi ya mtu aliyeishi na mafaili. Daftari hilo leo ni la tatu.

Ipo tofauti moja iliyonishangaza tangu mwanzo. Kwetu Tanga, Coastal Union na African Sports zote hucheza Mkwakwani, na uwanja huo haukuwa mali ya yeyote kati yao. Klabu ilikuwa ni nyumba yake mtaani: baraza, bao, kahawa, na wazee wanaojua nani alifunga nini mwaka gani. Hapa uwanja ndio nyumba yenyewe. Ndani ya ukuta mmoja utakuta nyasi, jukwaa la bati, chumba cha chai, ukumbi wa arusi za mtaa, na picha za marehemu ukutani. Mlangoni hukaa mzee anayepokea kiingilio, naye ukija mara ya tatu anakuuliza hali ya watoto. Wote hao ni watu wa kujitolea. Anayekata nyasi ndiye aliyepaka chokaa mistari, na huenda mkewe ndiye anayeuza tikiti za bahati nasibu wakati wa mapumziko.

Kiwanja ninachokwenda zaidi ni Champion Hill, kwa sababu ni mwendo wa basi moja kutoka kwangu. Hapo ndipo ilipo Dulwich Hamlet, iliyoanzishwa mwaka 1893, yenye jezi za waridi na buluu iliyoiva. Msicheke, rangi ile ukiizoea huioni tena kuwa ya kike. Klabu hii ilitwaa kombe la ridhaa mara nne: 1920, 1932, 1934 na 1937. Mchezaji wake Edgar Kail aliichezea England mara tatu mwaka 1929, naye ni mmoja wa wachezaji wa ridhaa wa mwisho kuichezea timu kubwa ya taifa hilo. Njia ya kuingilia kiwanjani imepewa jina lake. Katika Olimpiki ya 1948, Korea Kusini iliifunga Mexico 5-3 mahali hapo hapo, katika uwanja wa zamani uliochukua maelfu ya watu. Uwanja ule ulibomolewa, sehemu ya ardhi ikajengwa duka kubwa la vyakula, na kiwanja kidogo cha sasa kikafunguliwa mwaka 1992.

Wana desturi moja ambayo utaikuta katika viwanja vidogo vingi. Mashabiki hawakai mahali pamoja. Kipindi cha kwanza husimama nyuma ya lango wanalolishambulia, na timu zikibadilishana upande, nao huchukua vikombe vyao vya chai na kuhamia upande wa pili, wa Dulwich wakipishana na wageni katikati ya njia. Hakuna polisi anayewatenganisha. Mara ya kwanza nilipotembea katika msafara ule nikajikuta ninapeana mkono na bwana mmoja wa timu pinzani, ambaye alinipa pole kwa jinsi tutakavyofungwa. Kweli walitufunga.

Mwezi wa Machi 2018 mashabiki hao walikuta milango imefungwa. Ardhi ilikuwa ya kampuni ya ujenzi iliyotaka kujenga nyumba, halmashauri ilikuwa haijaridhia, na klabu ikapewa notisi ya kuondoka katika kiwanja chake. Isitoshe, jina lenyewe la Dulwich Hamlet lilikuwa limekwisha kuandikishwa kama alama ya biashara, na klabu ikaambiwa isilitumie. Ndugu zangu, mimi nilifanya kazi ya serikali za mitaa kwa zaidi ya miaka thelathini, nimesoma barua kavu za kila namna, lakini sijapata kuona watu wakielezwa kwamba jina waliloitwa kwa miaka 125 si lao. Timu ikaenda kupanga kwa jirani zao wa Tooting na Mitcham. Ajabu ni kwamba mwaka ule ule, ikiwa mpangaji, ilipanda daraja kwa mikwaju ya penalti. Kelele za mtaa hazikukoma. Wabunge wakaingilia, magazeti yakaandika, na Desemba 2018 milango ya Champion Hill ikafunguliwa tena. Mwaka 2023 timu iliteremka tena hadi Isthmian. Hilo halikuwaliza watu kama walivyolia walipofungiwa mlango.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Walthamstow Avenue ilikwenda Old Trafford mwaka 1953 na kutoka sare ya 1-1 na Manchester United. Ilipofika 1988 ilikuwa imemezwa na klabu iliyotokana na Leytonstone na Ilford. Hiyo nayo ikabadili jina, kisha mwaka 1992 ikaungana na Dagenham. Kiwanja chao cha Green Pond Road ni nyumba za watu sasa. Nilikwenda kupatazama, nikatembea kuanzia mwanzo wa mtaa hadi mwisho wake, na katika daftari niliandika tarehe tu.

Wealdstone ndiyo inayonitia uchungu zaidi. Mwaka 1985 walitwaa ubingwa wa ligi yao na kombe kubwa la klabu zisizo katika zile 92, vyote viwili kwa msimu mmoja. Mwaka 1991 kiwanja chao cha Lower Mead kiliuzwa, kabla hawajawa na kingine mkononi. Walihama kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kwa miaka 17, wakacheza katika viwanja vya wenzao, hadi walipopata makao Ruislip mwaka 2008. Na Sheffield FC, klabu kongwe kuliko zote duniani, ya mwaka 1857, iliyopewa nishani na FIFA mwaka 2004 pamoja na Real Madrid: nilipokwenda kuitazama ilinibidi nishuke Dronfield, nje ya mji wa Sheffield, ambako ilihamia mwaka 2001. Mwaka 2011 iliuza nyaraka zake za awali, pamoja na kanuni za mchezo zilizoandikwa kwa mkono, kwa pauni 881,250. Majirani zao wa Hallam, wa mwaka 1860, bado wako Sandygate, kwenye kiwanja chenye mteremko kiasi kwamba mpira ukiuacha huenda zake wenyewe. Na mteremko wao hawaubadilishi kwa fedha yoyote.

Ndugu Mwenyekiti, umeanza kutazama saa, nami nimefika nilipokuwa nikienda. Katika ajenda ya mchana, kifungu cha nne, tumeombwa kuamua kama nyumba ya marehemu bibi pale Ngamiani iuzwe na fedha zigawanywe kwa matawi tisa ya ukoo. Hoja za wanaotaka kuuza ninazijua, na si hoja za watu wabaya. Paa linavuja. Anayeitunza ni mmoja, naye amechoka. Wengi wa vijana wetu hawajawahi kulala humo hata usiku mmoja. Fungu la kila tawi, likigawanywa tena kwa watoto na wajukuu, litatosha kununua tikiti ya ndege ya kwenda Tanga. Na tukifika huko tutalala hotelini.

Mimi nitapiga kura ya kutouza, mpaka siku tutakapokuwa na mahali pengine Tanga penye jina la ukoo huu mlangoni. Tukishapata, tuuze, sitasema neno. Lakini tusiuze kwanza ndipo tutafute.

Na kwa kuwa si haki kupinga bila kuleta njia, naleta njia. Pale Enfield, kaskazini mwa jiji hili, klabu ya zamani iliuza kiwanja chake mwaka 1999, na mashabiki wakaona ahadi ya kiwanja kipya haitimii. Mwaka 2001 waliunda klabu yao wenyewe, Enfield Town, mali ya wanachama, kila mwanachama kura moja. Walikaa kwa watu kwa miaka kumi, na mwaka 2011 wakaingia uwanja wao mpya. Hawakuwa matajiri, walikuwa na ada na orodha ya majina. Nimeandaa orodha kama hiyo kwa ajili yetu. Napendekeza pauni 30 kwa mwaka kwa kila mtu mzima mwenye kipato, fedha ziende kwanza kwenye paa, kisha posho ya bin-ami yetu anayelala humo na ambaye kwa miaka yote hii hajapata hata barua ya shukurani kutoka kwa Jumuiya hii. Karatasi iko mezani karibu na birika la chai. Jina la kwanza ni langu, la pili ni la mke wangu. Nafasi zilizobaki ni nyingi.

Mwisho, wale ambao ndege zao ni baada ya Jumanne: klabu hizi hucheza pia Jumanne usiku, saa mbili kasorobo. Watoto wa Toronto waliokwisha niomba nitawapitia saa kumi na mbili unusu. Vaeni makoti, hata kama mnaambiwa huu ni mwezi wa joto.