Abiria wa Treni ya Chuma

(Maneno aliyoyasema mwanachama wetu, mkaguzi mstaafu wa njia ya reli, siku ya mkutano wetu wa mwaka.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, wazee wenzangu tuliokula ugali na maharage katika bwalo hili, na ninyi vijana mnaoendelea kuyala:

Nimeombwa nizungumzie kazi yangu. Mzee wa reli akishaanza habari za mataruma na kokoto hanyamazi, kwa hiyo leo nitawapeleka mbali, hadi Mauritania. Huko kuna treni ambayo kila nikisoma habari zake hunirudisha kwenye jambo nililolifanya mimi mwenyewe.

Mauritania iko magharibi kabisa ya Sahara. Eneo lake linapita kidogo kilomita za mraba 1,000,000, kwa hiyo inaizidi Tanzania kwa ukubwa, lakini watu wake wote ni kama milioni 5 tu. Reli yao kubwa ni moja: inatoka machimbo ya chuma ya Zouérat hadi bandari ya Nouadhibou, kilomita 704, na ilifunguliwa mwaka 1963. Upana wake ni milimita 1,435, sawa na hii reli yetu ya umeme iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Si ile njia kongwe ya mita moja niliyozeeka nikiikagua kwa kiberenge.

Sasa sikilizeni, vijana. Treni moja ya huko hufika mabehewa 200 na zaidi, ikivutwa na injini tatu au nne, na urefu wake ni kama kilomita mbili na nusu. Behewa moja hubeba tani 84 hivi za mawe ya chuma. Adui wa njia hiyo ni mchanga. Matuta huhama na upepo, hufunika reli, na chembe zake husaga chuma cha reli na magurudumu pia. Magenge hufukua leo, na kesho hufukua tena palepale. Mimi nilipigana na mafuriko, lakini mafuriko angalau yana msimu.

Tena kuna kisa cha mpaka. Njia nyepesi ilikuwa kukata kona ya Sahara ya Wahispania, lakini Wafaransa na Wahispania hawakuelewana. Basi wajenzi wakalazimika kutoboa mlima wa mwamba mgumu karibu na Choum, kiasi cha kilomita mbili. Fikirieni gharama hiyo, kwa ajili ya mstari uliochorwa kwenye karatasi! Baadaye tundu hilo liliachwa, na treni sasa hupita kwenye kona ileile iliyokatazwa, kilomita chache tu ndani ya Sahara Magharibi.

Mwaka 1974 serikali ilitaifisha machimbo pamoja na reli. Mwaka uliofuata nchi ikaingia katika vita vya Sahara Magharibi, na wapiganaji wa Polisario wakaona upesi mahali pa kupiga. Waliishambulia reli mara nyingi, na mwaka 1977 wakaingia Zouérat kwenyewe. Nchi inayoishi kwa njia moja ya reli haiwezi kustahimili hayo kwa muda mrefu. Julai 1978 wanajeshi walimpindua Rais Moktar Ould Daddah, na mwaka 1979 Mauritania ikatoka vitani.

Lakini kinachoninyima usingizi ni abiria. Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya chuma, si watu. Hata hivyo waliifungia behewa la abiria, na kwa miaka mingi asiye na nauli alipanda bure juu ya madini, akajifunga kitambaa usoni kwa vumbi na kujikunyata kwa baridi ya usiku. Mabehewa yakirudi matupu, watu waliingia humo na mbuzi wao na magunia yao. Treni hiyohiyo hupeleka maji kwa watu waishio kando ya njia.

Miaka ya 1980 nilitumwa kwenye tawi moja la reli, sitalitaja. Palikuwa na treni ya mizigo yenye behewa moja la abiria. Nilihesabu tiketi kwa wiki tatu, nikaandika kwamba behewa linakula fedha kuliko linavyoingiza, na liondolewe. Likaondolewa. Hesabu yangu ilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho, ila vikapu vya nyanya sikuvihesabu, wala wagonjwa waliokwenda hospitali ya wilaya kwa behewa lile.

Baada ya miaka miwili nilipita huko kwa kiberenge. Mama mmoja mwenye kikapu alitusimamisha kwenye stesheni iliyoota majani. Akaniuliza, "Baba, treni yetu itarudi lini?" Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Nakala ya taarifa ile ninayo hadi leo, kurasa nne, na nimemkabidhi mwalimu wa hesabu asubuhi hii. Amekubali kuwapa Kidato cha Tatu waifanye hesabu hiyo upya, na majibu yao waniletee mimi.