Mfalme Aliyepiga Mara Tatu

Somo: 2 Wafalme 13:14-19

Wewe uliye jikoni ukipika chai, nawe uliye kitandani kwa ugonjwa na redio iko karibu nawe, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Nabii Elisha alikuwa mgonjwa, na ugonjwa huo ndio uliomwua. Yoashi mfalme wa Israeli akaja kumtazama, akalia mbele yake, kwa maana nchi yake ilikuwa imechoshwa na vita vya Washami. Elisha akamwagiza atwae upinde, akaweka mikono yake ya kizee juu ya mikono ya mfalme, na mshale ukatoka kwa dirisha la upande wa mashariki. Kisha akamwambia ashike mishale iliyobaki, apige nayo chini. Mfalme akapiga mara tatu, akaacha. Mzee yule, hali ya ugonjwa aliyokuwa nayo, akakasirika. Akamwonyesha kwamba kama angalipiga mara tano au sita, adui angalikwisha kabisa. Sasa atamshinda mara tatu tu, na adui atabaki.

Tazameni, ndugu zangu. Yoashi hakumdharau nabii wala hakukataa kupiga. Alianza vizuri. Ila alijipimia mwenyewe, akaona imetosha.

Leo nataka kusema nanyi juu ya dawa. Nazungumza juu ya zile dawa zinazoua bakteria, yaani vijidudu vinavyoleta magonjwa kama nimonia, kifua kikuu, na vidonda vinavyooza. Madaktari huziita antibiotiki. Ya kwanza kujulikana sana ni penisilini. Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928 katika hospitali ya St Mary's mjini London, alipoona ukungu ulioota kwenye kisahani chake umeviua vijidudu vilivyokuwa kando yake. Kabla ya dawa hizi, mtu aliweza kufa kwa kuchomwa na mwiba, na akina mama wengi walikufa kwa homa ya uzazi. Mimi naziita zawadi ya Mungu, wala sioni haya kuziita hivyo.

Mwaka 1945 Fleming na wenzake wawili, Florey na Chain, walipewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake siku zile hakukaa kujisifu. Alitoa mfano wa mtu mmoja anayeumwa koo. Mtu huyo anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, haitoshi kuviua vijidudu bali inatosha kuvifundisha kuishinda dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini ile ile, na dawa haifanyi kazi. Mke anafa. Fleming akauliza ni nani mwenye lawama ya kifo hicho, naye akajibu mwenyewe kwamba ni mume.

(Wataalamu wa leo watawaambia kwamba kidudu kile cha koo alichokitaja bado kinasikia penisilini hata sasa. Lakini vingine vingi vimekuwa sugu, na mfano wake umetimia mahali pengi kuliko alivyodhani.)

Inakuwaje? Wafugaji watanielewa upesi. Unajua josho la ng'ombe. Ukizidisha maji ili dawa ya kupe isiishe mapema, kupe dhaifu hufa, na wewe unafurahi. Lakini kati ya kupe elfu wamo wachache waliozaliwa na ugumu fulani. Hao hawafi. Hao ndio watakaozaa. Msimu mwingine unatia dawa kwa kipimo kamili, na kupe wanatembea juu ya ng'ombe kama kwamba umewanyunyizia maji ya mto. Hakuna kupe aliyekwenda shule. Wewe ndiwe uliyewaondoa wadhaifu, ukawaachia wagumu malisho yote. Na kupe hao hawatakaa kwenye ng'ombe wako peke yake. Watavuka ua.

Vijidudu ni vivyo hivyo, ila vyenyewe huzaana upesi zaidi, vingine katika muda wa nusu saa tu.

Kifua kikuu kinatufundisha jambo hili kuliko ugonjwa mwingine wowote. Dawa ya kwanza yenye nguvu juu yake, streptomaisini, ilipatikana Marekani mwaka 1943. Uingereza walipoijaribu kwa uangalifu, matokeo yakatangazwa mwaka 1948. Katika wagonjwa 55 waliopewa dawa, 4 tu walikuwa wamekufa baada ya miezi sita. Katika wagonjwa 52 waliolazwa bila dawa hiyo, walikufa 14. Watu wakashangilia. Lakini vijidudu vikaizoea, na miaka mitano baadaye zaidi ya nusu ya wale waliopewa dawa nao walikuwa wamekufa. Ndipo madaktari wakajua kwamba kifua kikuu hakipigwi kwa mshale mmoja. Ni lazima dawa kadhaa kwa pamoja, ili kijidudu kitakachoponyoka hii kikutane na ile.

Hapo zamani matibabu hayo yalichukua miezi kumi na minane au zaidi. Yalifupishwa kuwa miezi sita kutokana na majaribio yaliyofanyika hapa kwetu Afrika Mashariki, Kenya ikiwamo, na matokeo yake ya kwanza yakatangazwa mwaka 1972. Wagonjwa wa nchi hizi, watu wa kawaida waliokubali kumeza dawa na kupimwa makohozi mwezi hata mwezi, waliufungulia ulimwengu wote njia. Nasikitika kwamba hatuwasifu vya kutosha.

Miezi sita, basi. Dawa nne kwa miezi miwili, halafu mbili kwa miezi minne. Katika hospitali za serikali hutolewa bure. Mbona watu huacha?

Huacha kwa sababu baada ya wiki chache kikohozi kimetulia, mwili umerudi, na shamba linangoja. Huacha kwa sababu dawa inachafua tumbo lisilo na chakula, na mkojo umegeuka rangi ukawatisha. Huacha kwa sababu nauli ya kwenda zahanati ni sawa na unga wa siku mbili. Wengine huacha kwa sababu jirani aliwaona kwenye foleni ya kifua kikuu, na kesho yake hakuna aliyekaa karibu nao kanisani.

Na wako wanaoacha kwa sababu ya mahubiri. Hapa nasema kwa uzito. Wako wahubiri wanaomwekea mgonjwa mikono, kisha wakamwambia atupe tembe zake kama ushahidi wa imani. Nami naamini kwamba Mungu huponya. Lakini someni tena habari ya wale wakoma kumi katika Luka sura ya 17. Bwana Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani. Kuhani ndiye aliyekuwa mpimaji wa siku hizo, na katika Walawi sura ya 14 utaona kwamba aliyetakasika alichunguzwa kwanza, kisha akangoja siku saba. Bwana mwenyewe hakuona kwamba kupimwa kunaipunguza imani. Basi kama umeponywa, mshukuru Mungu, umeze dawa yako ya leo, nawe mwisho wa miezi sita uende ukapimwe. Muujiza wa kweli hauogopi hadubini.

Sasa nifikie jambo linalonikaa moyoni. Mtu akiacha dawa ya shinikizo la damu, anajiumiza mwenyewe na nyumba yake. Akiacha dawa ya kifua kikuu, anaweza kukohoa ndani ya matatu vijidudu ambavyo dawa kuu mbili, isoniazidi na rifampisini, haziviwezi tena. Mtoto aliyepakatwa kiti cha nyuma hakuacha dawa yoyote. Yeye anaanza safari yake pale mwingine alipoishia.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2006 madaktari walitangaza habari za Tugela Ferry, hospitali ya mashambani katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Walikuta wagonjwa 53 wenye kifua kikuu kilichokuwa sugu kwa dawa kuu na kwa dawa za akiba pia. Waliopimwa virusi vya ukimwi wote walikuwa navyo. Wagonjwa 52 wakafa, wengi wao katika wiki chache tu tangu makohozi yao yachukuliwe. Na zaidi ya nusu yao hawakuwa wamepata kutibiwa kifua kikuu hapo kwanza. Walivuta hewa tu. Wengine huenda waliivuta wakiwa wodini, walikokwenda kutafuta uzima.

Je, tuwafanyeje basi wanaoacha? Mwaka 2010, huko Kapsabet, wagonjwa walipelekwa mahakamani kwa kosa la kuacha dawa za kifua kikuu, wakaamriwa kukaa gerezani miezi minane. Naifahamu hofu iliyowasukuma maofisa. Lakini fikirini: mgonjwa wa kifua anawekwa katika chumba kilichosongamana watu, bila hewa ya kutosha. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuwafunga gerezani hivyo kulikuwa kinyume cha Katiba. Mimi si mwanasheria, lakini nilifurahi. Mgonjwa aliyeshindwa njiani anahitaji mtu wa kutembea naye, na kanisa lina watu.

Mama mmoja wa kikundi cha maombi anaweza kupita kila asubuhi kwa jirani, akamtazama akimeza, akamwachia uji. Haidai shahada. Mfuko wa wahitaji unaweza kulipa nauli ya zahanati. Mzee wa kanisa anaweza kuketi kwenye benchi moja na mtu aliyekwisha kuanza dawa na kuambiwa na daktari kwamba hawezi kuambukiza tena, ili watu wote waone. Aliyekwisha kuacha, msimpeleke mbele ya baraza. Mpelekeni zahanati, aeleze ukweli wote wa siku alizoruka, ili apimwe kama dawa zile bado zinamfaa. Hata kama ugonjwa umekuwa sugu, mlango haujafungwa. Zamani ilikuwa sindano kila siku kwa miezi mingi, na wengine walipoteza masikio yao kwa sindano hizo. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza matibabu ya tembe tupu ya miezi sita kwa wengi wenye ugonjwa huo. Lakini dawa mpya zenyewe si nyingi, na moja iliyo kuu kati yake, bedakwilini, imekwisha kuanza kukutana na vijidudu visivyoisikia.

Neno moja juu ya kabati la nyumbani. Sisi ni watu wa kugawana, na ni vyema. Mtoto wa jirani ana homa, nawe una tembe sita zilizobaki, unampa kwa moyo mweupe. Zawadi hiyo msiitoe. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haina kazi juu yake. Na kama ni ugonjwa wa bakteria, tembe sita za ugonjwa mwingine ni kama maji yale ya josho. Mpeni jirani nauli, au mshikieni mtoto mwingine aende hospitali. Nanyi wenye maduka ya dawa, mnaouza tembe mbili mbili kwa sababu mteja ana shilingi ishirini, nawasihi mbele za Mungu.

Wala msiende kubishana na madaktari mkisema mchungaji alisema redioni lazima mtu apige mara sita. Kwa magonjwa mengine siku hizi wamepunguza siku za dawa, na aliyepewa siku kumi zamani huenda leo akapewa tano. Wanajua sababu. Yoashi naye aliagizwa apige na mtu aliyejua. Aliyejichagulia hesabu ni yeye.

Na tuombe.

Ee Bwana, mganga wa roho na miili yetu, tunakuletea yule aliye katika mwezi wa tatu wa dawa zake leo, aliyechoka, ambaye mwili umemwambia kwamba amepona. Mpe chakula cha kumezea tembe za kesho. Tunakuletea yule aliyeacha, anayesikiliza sasa akiogopa kurudi, kwa kuwa anafikiri muuguzi atamkemea. Mtangulie mlangoni. Wakumbuke wanaolala katika wodi za kifua kikuu sugu, na wauguzi wanaoingia mle kila siku wakiwa na watoto nyumbani. Utupe sisi miguu ya kwenda kwao kabla ya Jumapili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.